Kiti cha Magurudumu Anachokimudu Fundi wa Baiskeli

Hamjambo, watazamaji wangu. Bidhaa ninayoichambua leo ndiyo niliyoikalia, kwa hiyo mtaniwia radhi nitakapotoka kwenye picha kila ninapogeuka. Ni kiti cha magurudumu matatu, mawili makubwa nyuma na moja dogo mbele, ambacho nimekitumia hapa Kisumu kwa miezi saba, tangu jua kali la Januari hadi sasa ambapo mvua za masika zimekwisha. Kando yangu mnakiona kiti changu cha zamani, kile cha kukunjwa kilichobuniwa kumhamisha mgonjwa kutoka wodini hadi chumba cha eksirei. Nitavilinganisha, na niseme mapema kwamba bei iliyoandikwa kwenye risiti siipi uzito mkubwa.

Tuanze na gurudumu la mbele, kwa kuwa ndilo linaloamua kama utafika sokoni Kibuye au utakwama njiani. La kiti cha kukunjwa ni la plastiki ngumu, na upana wake haukizidi kidole gumba changu. Kwenye vigae linateleza vizuri. Kule Nyalenda ninakoishi, mvua ikinyesha udongo mweusi hunata kama ulimbo. Gurudumu hili hulikata tope kama kisu, likazama, kiti kikainama, na aliyekikalia akamwagwa. Mimi nimemwagwa mara mbili, ya pili mbele ya watoto waliokuwa wakitoka shuleni. La kiti kipya ni la mpira mnene, pana kama vidole vitatu, nalo limewekwa mbali mbele ya miguu, hivyo likigonga jiwe, uzito wangu huwa uko nyuma na kiti hupanda badala ya kupinduka.

Wazo la gurudumu pana lina historia yake. Ralf Hotchkiss, mhandisi wa Marekani aliyepooza baada ya ajali ya pikipiki mwaka 1966, alikwenda Nikaragua mwaka 1980 akawakuta vijana wakitumia kiti kimoja kwa zamu. Tangu hapo alishirikiana na mafundi wa nchi nyingi, wengi wao wakiwa wenyewe watumiaji wa viti, kubuni viti vinavyoweza kuundwa na kutengenezwa kwa vifaa vilivyoko mtaani. Gurudumu hilo pana la mpira hujulikana katika kazi hiyo kama gurudumu la Zimbabwe. Kiti changu hakikutoka katika karakana yake, ila ukiutazama urefu wake na gurudumu lake la mbele, utaona ni wa ukoo mmoja.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nirekodi video hii. Mwaka juzi beringi ya kiti cha kukunjwa ilisagika. Nilizunguka maduka manne ya spea na kila muuzaji aliipima, akaigeuzageuza, akanirudishia, kwa sababu haikulingana na ya baiskeli, ya pikipiki wala ya mkokoteni. Walionipa kiti hicho hawakuwa na spea hata moja. Nilikaa nyumbani wiki tano. Kiti nilikipata bure, lakini katika wiki hizo tano nilipoteza wateja wangu wote wa kushona viatu.

Cha sasa kina matairi ya nyuma ya inchi 26, yaani yaleyale yanayouzwa katika kila duka la spea za baiskeli. Kwa miezi saba nimeziba tyubu mara mbili, nimebadilisha spoki tatu, na mwezi Mei gololi za habu, yaani kitovu cha gurudumu, ya upande wa kulia zilianza kupiga kelele. Nilikipeleka kwa mzee mmoja hapa Kondele, ambaye hakuwa amewahi kushika kiti cha magurudumu maishani mwake. Alikilaza ubavu, akafungua nati, akamwaga gololi kwenye kifuniko cha kopo la rangi, akazihesabu kwa ncha ya bisibisi, kisha akatia mpya pamoja na grisi. Kazi yote haikuchukua nusu saa, na nililipa shilingi 250.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa ripoti iliyosema kwamba watu zaidi ya bilioni 2.5 wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, iwe miwani, kisaidia kusikia, mguu bandia au kiti kama hiki, na kwamba karibu bilioni 1 hawavipati. Katika baadhi ya nchi maskini wanaovipata ni kama asilimia 3 tu ya wanaovihitaji, ilhali katika nchi tajiri hufikia asilimia 90. Siipingi hesabu hiyo. Swali langu ni kuhusu mtu aliyepewa kiti kikavunjika baada ya miezi minne: je, yeye amepata au hajapata? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 kuhusu viti vya magurudumu katika nchi zenye uwezo mdogo una hatua 8, na ya mwisho ni ufuatiliaji, matengenezo na ukarabati. Hafla nyingi za kugawa viti ambazo nimehudhuria ziliishia kwenye kupiga picha.

Kuhusu mto, kiti cha kukunjwa hakina. Kuna turubai tu, ambalo hulegea na kukukunja mgongo. Kiti kipya kina sponji nene yenye bonde mahali pa makalio. Kwa sisi tusio na hisia kiunoni hilo ni kubwa, maana kidonda cha kukalia huanza bila maumivu na huweza kukulaza hospitalini kwa miezi mingi.

Dosari zipo. Kiti hiki ni kirefu mno kwa nyumba za kupanga; chumbani kwangu siwezi kukigeuza bila kusogeza meza. Hakikunjwi, ingawa magurudumu ya nyuma huchomoka, na dereva wa tuktuk hukifunga juu ya paa kwa kamba kisha akanitoza nauli ya watu wawili. Breki zake zilihitaji kukazwa kila wiki. Anayeshinda ofisini kwenye sakafu laini sitamshauri akichukue.

Ikiwa unaomba kiti kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, kanisa au mfadhili yeyote, usione haya kuuliza saizi ya tairi na aina ya beringi kabla ya kukipokea. Mimi nilimtumia yule mzee wa Kondele picha ya habu kabla ya kukubali, naye akanijibu kwa neno moja: “Lete.”