Seti ya viini macho na rangi kwa watoto: kadi safi, kijitabu kina papara

Nilimnunulia mwanangu wa miaka minane, na mdogo wake wa miaka mitano akajialika mwenyewe. Ndani mna kadi za rangi, kadi moja yenye matundu mawili, karatasi za michoro, pia ya kuzungusha na kijitabu.

Kadi za rangi ndizo zinazobeba seti nzima. Unachukua vipande viwili vya kijivu kile kile, kimoja unakiweka juu ya kadi nyeusi, kingine juu ya nyeupe. Cha kwanza kinang'aa, cha pili kinakolea. Mkubwa alikataa katakata kwamba vinafanana. Akafunika kwa ile kadi ya matundu, vikawa sawa. Akafunua, vikaachana tena. Alifunika na kufunua mpaka nikachoka kumtazama. Tulipohamishia kijivu kwenye nyekundu, kikaingia ukijani kidogo. Mdogo akatoa hukumu: "Kimeoza."

Hapo nikawasimulia habari za Michel Eugène Chevreul, mkemia Mfaransa aliyesimamia utiaji rangi wa nyuzi katika kiwanda cha Gobelins, kinachofuma mazulia ya kutundika ukutani. Watu walilalamika kwamba nyuzi nyeusi zimefifia. Akachunguza, akakuta weusi hauna kasoro. Rangi zilizopakana nao ndizo zilizolidanganya jicho. Mwaka 1839 akachapisha kitabu kizima juu ya jambo hilo. Ajabu ni kwamba kijitabu cha seti hakimtaji kabisa.

Kijitabu chenyewe kimenikera. Jibu limechapishwa ukurasa ule ule wa swali, kwa hiyo mtoto anasoma kabla hajatazama. Ilibidi niwe naziba kwa kiganja. Halafu mchoro wa msanii Mwingereza Bridget Riley wa mwaka 1961, ule wa miraba myeusi na myeupe inayozidi kuwa myembamba kuelekea mkunjo, wameuweka mdogo kama stempu. Mchoro wa namna hiyo unataka ukubwa. Tulichukua manila na rula tukachora wetu, na hapo ndipo karatasi ilipoonekana kuzama katikati ingawa imelala bapa mezani. Mkubwa alipitisha kidole kuhakikisha.

Ile pia ya kuzungusha ina duara la nyeusi na nyeupe tupu, lakini ikizunguka rangi hafifu zinajitokeza. Watoto hawakukubaliana ni rangi gani, na si lazima wakubaliane, kwa kuwa kila jicho huona kivyake. Kijiti chake cha plastiki kinalegea upesi. Nimekikaza kwa gundi.

Jambo moja nililotarajia kulikuta kwenye boksi na halipo: tahadhari. Michoro ya mistari iliyobanana inaweza kuumiza kichwa, na kwa baadhi ya watu wenye kifafa inaweza kuchochea degedege. Mwenye mtoto wa hali hiyo amuulize daktari kwanza.

Boksi linasema miaka minne na kuendelea. Mimi ningesema saba, maana kazi ya mkasi ni nyingi.