The River Between: vita vya misheni ambamo Mzungu haonekani sana

Anayeichukua riwaya hii ya Ngũgĩ wa Thiong'o (1965) akitarajia Mzungu mwenye Biblia apambane na wazee wa kijiji, atamsubiri sana. Livingstone wa misheni ya Siriana hajitokezi mara nyingi. Anayehubiri jehanamu ni Joshua, Mgikuyu wa Makuyu, ambaye hata humwomba Mungu amsamehe kwa kuoa mwanamke aliyetahiriwa. Ng'ambo ya mto Honia kuna Kameno, ngome ya mila. Shika hilo mapema: Makuyu kwa Joshua, Kameno kwa Chege na mwanawe Waiyaki. Ukilichanganya, ugomvi wote utakuchanganya, maana majina ni mengi na hakuna anayetambulishwa mara mbili.

Sehemu ninayoipa alama zote ni ya Muthoni, binti Joshua. Wameenda mtoni kuteka maji, ndipo anapomwambia dada yake Nyambura kwamba anataka kutahiriwa. Hoja yake ni fupi: baba na mama wametahiriwa, je, wao si Wakristo? Hamkatai Yesu, anataka tu kuwa mwanamke kamili machoni pa watu wake. Anatorokea kwa shangazi yake Kameno, kidonda kinakataa kupona, anabebwa hadi hospitali ya Siriana na kufia huko. Kifo hicho kila upande unakichukua kuwa ushahidi wake: Joshua anaona mkono wa shetani, Kameno wanaona laana ya dini ngeni. Mwandishi haamui kesi, na hapo ndipo nilipomwamini.

Kinachokosekana ni tarehe. Siriana inapowafukuza watoto ambao wazazi wao hawajaacha tohara ya wasichana, msomaji asiyejua mgogoro wa 1929 ataona ni ukali tu wa mwalimu mkuu. Mwaka huo wamisheni, Kanisa la Scotland wakiwemo, waliwataka waumini wa Kikuyu waikane desturi hiyo. Waliokataa walitoka, wakajenga shule zao, zikiwemo za Karing'a. Marioshoni, shule ya Waiyaki, imetoka humo. Isome historia hiyo kwanza, hata nusu saa, kisha ufungue kitabu. Ni chembamba, kurasa kama 150, na Kiingereza chake ni chepesi.

Kasoro? Nyambura. Mapenzi yake na Waiyaki ndiyo yanayobeba theluthi ya mwisho, lakini yeye mwenyewe hana uzito wa Muthoni. Anapendwa zaidi kuliko anavyojulikana. Waiyaki naye anaudhi, ila nadhani ameandikwa hivyo makusudi. Ana ujumbe wa kupatanisha migongo miwili, Makuyu na Kameno, anapata umati mbele yake kwenye mkutano wa wazazi Marioshoni, anazungumzia madarasa na walimu, umoja anausahau. Wakati huohuo amekula kiapo cha Kiama, baraza la watetezi wa mila, cha kulinda usafi wa kabila, halafu anajiuzulu ili ashughulikie shule, akidhani kiapo nacho kimejiuzulu. Kabonyi, mlokole wa zamani aliyegeuka mtetezi wa mila, hahitaji kingine: anakishika kiapo hicho na jina la Nyambura, msichana asiyetahiriwa, ili amwangushe Waiyaki.

Mwisho unakimbia mno. Kwa mwalimu anayeifundisha, kaeni zaidi kwenye mkutano ule wa wazazi Marioshoni kuliko kwenye hukumu ya Waiyaki mwishoni. Waiyaki alishindwa pale, akishangiliwa.