Karatasi ya Hahnemühle Photo Rag 308: picha zipi zinaifaa, na zipi usiipelekee

Wakuu, kama unapiga picha ukiwa na nia ya kuzitundika ukutani au kumuuzia mtu anayejua anachonunua, karatasi ndo nusu ya kazi, na wengi wetu hatuiangalii kabisa. Mtu ananunua kamera ya mamilioni, lenzi ya mamilioni, anakaa usiku kucha anaedit, halafu anaenda kusafisha picha kwenye karatasi yoyote iliyopo dukani siku hiyo. Inaniuma sana hii.

Mi kwa muda sasa nachapa kwenye Photo Rag ya gramu 308 kwa mita ya mraba, ya hawa Wajerumani Hahnemühle ambao wanatengeneza karatasi tangu mwaka 1584. Ni pamba asilimia 100, haina asidi, haing'ai hata kidogo, na ukiishika unajua umeshika kitu, nzito, laini, haipepei kama zile glosi (karatasi za kung'aa) nyembamba. Picha zangu nyingi ni za Mji Mkongwe Zanzibar, kuta za mawe na chokaa iliyobanduka, milango ya njumu, wazee wanacheza bao kivulini, na nyingi nazitoa nyeusi na nyeupe. Kwa picha za namna hiyo sijaona ya kuishinda. Ukuta wa chokaa unakaa kwenye karatasi mpaka unatamani kuupapasa, mikunjo ya uso wa mzee inaonekana bila ule mng'aro unaokulazimisha uhamehame kutafuta pembe ya kuiangalia picha, na kwenye zile ninazoziacha na rangi, ngozi nyeusi inatoka na kina chake, kahawia, nyekundu kidogo, kivuli, vyote vipo.

Ila sio ya kila picha, na hapa ndo watu wanaumia. Karatasi za mati (zisizong'aa) zote, hata hii, nyeusi yake haifiki nyeusi ya karatasi inayong'aa, kwa hiyo sehemu nzito za giza zinakabana. Chukua picha ya mama kavaa buibui kasimama kwenye kibaraza, kwenye skrini unaiona mikunjo ya kitambaa vizuri tu, ukiipeleka hivyohivyo kwenye mati buibui lote linakuwa bonge moja jeusi. Dawa yake ipo: programu za kuedit picha, Lightroom na Photoshop, zote zina sehemu ya kuonyesha picha itakavyotoka kwenye karatasi, unaipa profaili, yaani faili linaloeleza rangi zinavyotoka kwenye karatasi yako na printa yako (Hahnemühle wanazitoa bure kwenye tovuti yao, chagua ya modeli yako haswa), afu unanyanyua vivuli mpaka mikunjo irudi. Na monita yako ishushe mwanga, kwenye kandela (kipimo cha mwanga) 100 hivi kwa mita ya mraba, maana wengi tunaedit skrini ikiwa inawaka kupita kiasi halafu tunalalamika picha imetoka giza.

Bahari ya Nungwi saa sita mchana, ule ubluu wa kijani unaokata macho, huo usiuweke kwenye Photo Rag. Utatoka mpole, umetulia, na aliyekuwepo pale atakwambia hapana sio penyewe. Kwa hizo nenda Photo Rag Baryta ya gramu 315 ya haohao, nayo ni pamba lakini ina mng'ao wa kiasi na nyeusi yake inazama vizuri.

Kuhusu mashine, unahitaji printa ya wino wa pigimenti, yaani wino wenye chembechembe za rangi. Epson SureColor P900 ina wino wa rangi 10 na inachapa mpaka A2 (sawa na A4 nne), Canon PRO-1000 ina wino 12, mmoja wao hauna rangi, nayo inafika A2. Muhimu ni kwamba printa hizi zina wino mweusi wa aina mbili, mmoja wa karatasi za kung'aa na mwingine wa mati, na aliyekaa kwenye kompyuta ndo anachagua aina ya karatasi, mashine inatumia wino kufuata alichochagua. Kuna duka moja nilipeleka kazi yangu, karatasi ilikuwa hiihii nzuri lakini mashine imewekwa glosi, nyeusi zikatoka kama majivu. Kwa hiyo usione aibu kumuuliza fundi kabla hajabonyeza, karatasi umeiwekaje hapo, profaili ipi. Anayejua kazi atakuonyesha mwenyewe.

Ukubwa usikutishe. Kamera ya megapikseli 24 inatoa pikseli 6000 kwa 4000, A3 unapata kama pikseli 350 kwa inchi na A2 unabaki na kama 250, inatosha kabisa maana A2 hakuna anayeitazama akiwa ameigusisha pua.

Bei ni kubwa, siwafichi, na sisi huku mpaka uagize nje, usafiri na ushuru juu yake, ndo maana nasema usiipoteze kwa picha isiyoitaka. Tena ina upande mmoja tu wa kuchapa, na kwa macho pande zinafanana, kwa hiyo lowanisha kidole kidogo uguse pembeni kabisa, upande unaonatanata ndo wenyewe. Ipanguse kwa brashi laini kabla ya kuingiza, pamba inatoa vumbi, na kijivumbi kikidondoka baada ya wino kupita kinaacha kidoa cheupe. Ikishachapwa usiisugue, inachubuka kirahisi, hasa kwenye nyeusi. Iache ikauke siku nzima ndo uipeleke kwa fundi fremu, na umwambie aweke karatasi ya pembeni isiyo na asidi ili picha isigusane na kioo, maana kwa huu unyevu wa pwani ikigandana na kioo haibanduki bila kuchanika.