Shangazi kaja kwa kuhamia nyumba: tumelitumia Lindi mpaka Mtwara, maoni yangu haya hapa

Mi naanza na jibu kabisa ili asiye na muda aondoke nalo: kama unahama na una hela ya kununua kitu kimoja tu cha kufungia vitu, nunua mabegi ya shangazi kaja, yale makubwa ya mistari, achana na kuzunguka kutafuta maboksi. Tumehama mwezi wa sita watoto wakiwa likizo, kutoka Lindi mtaa wa Mtanda kuja Mtwara huku Chuno, baba watoto kahamishiwa kazi, na nyumba nzima tumeifunga mimi, mama mkwe na wifi yangu, kwa hiyo ninachoandika hapa nimekishika kwa mikono yangu.

Kwa nini sio boksi. Boksi zuri siku hizi unalipata wapi, dukani wanakupa yale ya biskuti na sabuni, mepesi, na hata hayo wengi sasa hivi wanayauza. Afu huku kwetu pwani na hili joto na unyevu boksi likikaa sakafuni siku kadhaa linalegea kitako, unalinyanyua vitu vinabaki chini. Na mende jamani, boksi la dukani linaweza kuja na mayai ya mende kwenye ile mikunjo, unahama nao mpaka nyumba mpya ambayo umeisafisha kwa jasho lako. Zamani vidogo vidogo tulikuwa tunamalizia kwenye rambo lakini toka mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 hiyo njia haipo tena, na ile mifuko mbadala laini ukiweka mwiko tu umeshatokeza upande wa pili.

Kiroba cha kilo 50 sikatai ni imara, na gunia la korosho ndo usiseme, huku kusini nyumba gani itakosa gunia la korosho. Sufuria zote, kinu, mchi, mbuzi ya kukunia nazi, jembe, jiko la mkaa, vyote nimeweka kwenye magunia na vimefika salama. Lakini gunia halina zipu wala pa kushika, kulibeba mpaka ulikumbatie au uliweke begani, na nguo ukiweka mle zinatoka na vumbi na nyuzinyuzi unafua upya zote. Gunia liachie vyuma na mbao.

Sasa shangazi kaja. Nimenunua sokoni Lindi, kubwa kabisa elfu sita na la kati elfu nne, nimechukua mengi kwa mkupuo kaka muuzaji akanipunguzia. Ila usinunue kwa macho tu, hapo watu wengi wanapigwa, kwa sababu yakikunjwa yote yanafanana. Kitu cha kwanza angalia mkono, yani ule mkanda wa kubebea. Kuna begi mkanda wake umeshonewa juu tu pembeni, na kuna begi mkanda umeshuka mpaka chini ukazunguka kitako ukapandia upande wa pili. Chukua hilo la pili hata kama linazidi bei, uzito wote unabebwa na mkanda na sio mshono. Cha pili fungua zipu uifunge, uifungue tena uifunge, mbele ya muuzaji, na kwenye kona hasa, ikigoma dukani bila kitu ndani ujue ukijaza itakufia. Cha tatu ligeuze ndani nje uangalie mshono wa kitako, umepigwa mara moja au mara mbili, na ule ukingo umekunjwa au nyuzi zinachomoka chomoka. Muuzaji akinuna wakati unakagua ondoka nenda banda linalofuata, sokoni hapo yako mengi.

Likiwa jipya lina harufu ya plastiki kali, sisi tuliyaning'iniza kwenye kamba ya nguo uani wazi zipu, kivulini, usiku mmoja yakapoa.

Kufunga ndo sehemu niliyoifurahia kuliko zote na sikutegemea. Mama mkwe ana utaratibu wake, kasema begi moja chumba kimoja, usichanganye nguo za chumbani na mapazia ya sebuleni eti kwa sababu vyote ni vitambaa, maana ukifika utafungua mabegi yote kutafuta kitu kimoja. Anatandika blanketi na mapazia chini, anapanga nguo pembeni zikiwa zimeviringishwa sio kukunjwa, katikati panabaki kama shimo, humo ndo anaweka vitu vinavyoogopa kugongwa, redio, saa ya ukutani, picha za ukutani, kila kimoja ndani ya kanga yake. Vikombe na glasi yeye hakuziamini begi, aliweka kwenye ndoo kubwa na beseni, kanga katikati ya kila kikombe, na mpaka tunafika hakuna hata kimoja kilichopata ufa. Kanga zangu zote zimefanya kazi siku ile, za harusi na za msiba.

Tulikuwa tunafunga usiku baada ya isha, mchana joto, wifi anakaanga mihogo, chai ya tangawizi ipo kwenye chupa, na kila nguo ikitoka kabatini mama mkwe anajua ilinunuliwa lini na nani alishona. Nimejua habari za mume wangu akiwa mdogo ambazo miaka yote ya ndoa sikuwahi kuzisikia. Kama kuna mtu anataka kuhama akaajiri watu wamfungie vitu kila kitu, mi namwambia vitu vya jikoni na nguo funga na watu wako, utapata raha ambayo hela hainunui.

Watoto kila mmoja nilimpa begi lake dogo, hizi saizi ndogo zipo pia, afunge mwenyewe vitu vyake bila mimi kuingilia. Binti yangu wa darasa la tatu kaweka madaftari ya mwaka jana yote na kopo la vifuniko vya soda, sawa, ni vya kwake. Mdogo wake kaingia yeye mwenyewe ndani ya begi kubwa akataka afungwe, baba yake akambeba hivyo akazunguka naye sebule nzima ambayo ilikuwa haina kitu, sauti inarudi ukutani, tulicheka mpaka jirani akachungulia dirishani.

Tatizo kubwa la haya mabegi ni kufanana. Ukishajaza yote bluu na nyekundu hujui jikoni liko wapi. Peni ya maka haishiki vizuri kwenye ile plastiki, unaandika inafutika. Dawa yake tulichana kitenge kilichochakaa na vitambaa vingine vya rangi, tukafunga kwenye mikono ya begi, njano jikoni, kijani chumba cha watoto, nyeupe kwetu, na binti ndo alikuwa msimamizi wa hiyo kazi, alivyofika huku akasimama mlangoni anawaelekeza vijana njano kule anko, kijani huku, na wale vijana wakamtii kabisa.

Gari tulikodi Kenta. Mabegi yalipangwa barazani yakitangulia, dereva mtu mzima akaja akasema "mama, hayo mabegi nipe mwisho, hayo ndo ya kuzibia." Na kweli, kabati na friji vilikaa mbele nyuma ya kichwa cha gari, friji imesimama wima, vitanda pembeni, magodoro, afu shangazi kaja zikasukumwa kwenye kila uwazi, kati ya friji na kabati, chini ya meza, kati ya miguu ya viti. Boksi ungeliingiza wapi kwenye uwazi wa namna ile, boksi lina kona zake, begi linafuata nafasi iliyopo. Njia nzima hakuna kitu kilichocheza. Ni kilomita mia na kidogo na lami ipo lakini Kenta iliyojaa haikimbii, pale Mnazi Mmoja njia ya Masasi inapochepuka tulisimama tukanunua madafu na machungwa, na tulivyofika Mikindani ile bahari ikatokea upande wa kushoto watoto wakanyamaza wote wawili kwa mara ya kwanza toka asubuhi.

Maji nayo. Mwezi wa sita mvua zimeshakwisha kwa hiyo kwenye mvua kubwa sijalijaribu, lakini dumu letu la maji lilifunguka kifuniko kwenye gari na mabegi mawili yalikaa kwenye hayo maji mpaka tunashusha. Kitambaa chenyewe hakikupitisha, maji yaliingia kwenye mstari wa mshono tu, shuka moja ililowa ukingo. Kama unahama masika tandika turubai chini na juu, zipu na mshono ndo milango yake.

Na uzito, hapa naomba nisikilizwe. Ni begi la nguo, mashuka, neti, mapazia, viatu, vitu vyenye kujaza nafasi. Vitabu vya baba watoto vilijazwa kwenye begi kubwa mpaka juu, vijana wakilinyanyua tukasikia nyuzi zinakatika tii tii tii. Wifi akachukua shazia na uzi wa nyavu akapiga mshono upya pale pale barazani, na mpaka leo ule mkono ndo imara kuliko mikono yote. Vitabu weka la kati na usijaze, au changanya, chini vitabu kidogo juu mito. Zipu nayo ikiwa ngumu paka mshumaa au sabuni ya kipande kavu, inateleza.

Jambo moja ambalo ningependa kila anayehama alijue, tenga begi moja la usiku wa kwanza na lipande gari la mwisho lishuke la kwanza, au shika mwenyewe mkononi. Sisi tuliweka humo mashuka, neti na kamba na misumari yake, sufuria mbili, chupa ya chai, sukari, majani, kiberiti, balbu mbili, sabuni, taulo, dawa za watoto, nyundo ndogo, na karatasi yenye namba ya mita ya luku ya nyumba mpya. Tumefika jioni, nyumba ina vumbi, balbu ya sebuleni haipo, mwingine angeanza kufungua begi la kumi kwenye giza, sisi ndani ya nusu saa taa inawaka, maji ya chai yanachemka. Friji tuliiacha isimame mpaka kesho yake bila kuwasha, ikitoka safari ni vizuri itulie kwanza.

Jirani wa hapa, mama mmoja mtu mzima, alikuja kutupa karibu na sahani ya ming'oko imechemshwa, ya moto, na chumvi na pilipili pembeni. Ambaye sio wa kusini nimweleze tu, ni mizizi inachimbwa porini, myembamba, unamenya kwa vidole unakula. Mama mkwe akafukiza ubani vyumba vyote, tukasoma dua, tukakaa chini kwenye mkeka tukiegemea hayo mabegi kwa sababu makochi bado yamegeuzwa miguu juu, tukala ming'oko na chai ya rangi. Binafsi sijawahi kula chakula cha hotelini nikakifurahia vile. Mtoto mdogo akalala juu ya begi la mapazia na hakuna aliyemhamisha.

Baada ya kuhama ndo shangazi kaja linalipa hela yake. Boksi ungeshalichoma. Haya tumeyakunja bapa yako chini ya godoro, mawili nimehifadhia mablanketi, na moja limeshapanda basi kwenda Newala kwa mama yangu na nguo za wajukuu zisizowatosha tena, litarudi na unga wa muhogo na korosho zikianza. Ila usiliache juani. Lile tulilosahau barazani upande wa jua limeanza kupauka na kukatika kama ganda la kitunguu, ukiligusa linaacha vipande vidogo vidogo mkononi, na hivyo vipande ni vya plastiki, mtoto asichezee. Panya pia anatoboa, kwa hiyo chakula usihifadhi humo.

Kwa nyota natoa nne kati ya tano, ile moja nimeikata kwa ajili ya zipu. Kwa Mtwara mjini nimeyaona sokoni pia na bei haipishani sana na Lindi, makubwa yenye mkanda wa kuzunguka kitako yanawahi kuisha, ulizia asubuhi.