Little Miss Sunshine ya kutafsiriwa: DJ kamwongelesha kijana aliyeapa kutoongea

Mi sio mtu wa kuponda muvi za DJ, zile za nje ambazo mtu anaziwekea sauti yake ya Kiswahili juu. Nimekua nazo, mama yangu anazipenda, na kuna wazee mtaani kwetu wasingemjua hata mwigizaji mmoja wa nje bila hao majamaa. Kwa hiyo hasira yangu ni ya kitu kimoja tu, na hicho kimoja kimenikaa kooni mpaka leo.

Little Miss Sunshine ni muvi ya 2006, mi niliiona kwanza nikiwa chuo kwenye kompyuta ya rumeti wangu, nikalia, nikacheka, nikarudia kesho yake. Familia ya kina Hoover, watu sita, wanatoka Albuquerque huko New Mexico kwenda Redondo Beach, California, wamebanana kwenye kombi la njano la Volkswagen kwa sababu binti yao Olive kapata nafasi kwenye mashindano ya urembo ya watoto. Klachi inawafia njiani, kuanzia hapo kila wakitaka kuondoka lazima washuke wasukume mpaka kombi likolee ndio liingie gia ya tatu, halafu mmoja mmoja anakimbia anarukia ndani. Kama umewahi kusafiri na ndugu zako kwenye gari bovu unajua ule ukimya baada ya wote kuingia, kila mtu anahema, hakuna anayemwangalia mwenzake.

Nilitaka mama aione. Kiingereza kwake hakipandi, kwa hiyo siku moja narudi kazini nikapita kwenye kibanda cha muvi, nikamuuliza kijana kama anayo, akasema ipo tena imetafsiriwa, kali sana, utacheka ufe. Buku moja, akanirushia kwenye flashi. Nilifika nyumbani nina furaha kama nimebeba zawadi.

Sasa sikilizeni.

Kwenye hii muvi kuna kaka yake Olive, anaitwa Dwayne, kacheza Paul Dano. Huyu kijana ameweka nadhiri ya kutoongea mpaka aingie chuo cha jeshi la anga awe rubani, ana miezi tisa hajatamka neno. Miezi tisa! Kitu anataka kusema anaandika kwenye kidaftari anakuonyesha. Zaidi ya nusu ya muvi hana neno hata moja mdomoni, ni macho, mabega na kile kidaftari basi. Muvi nzima imejengwa juu ya huo ukimya. Wewe mtazamaji unasubiri, hujui kama unasubiri, lakini unasubiri.

DJ kamwongelesha.

Pale mwanzo kabisa wako mezani wanakula kuku wa kukaanga, mjomba Frank ndio ametolewa hospitali alikojaribu kujiua, ana bandeji mikononi, anamuuliza Dwayne huwa anakaa na marafiki gani, na Dwayne anaandika kwamba anachukia kila mtu. DJ akaweka sauti ya mlevi: "Aah mi nataka paja bwana!" Mama akacheka. Mi nikajua labda ni pale tu, kajisahau. Wapi! Kwenye kombi anaongea, kwenye mgahawa anaongea, wakisukuma gari anaongea, tena ndio anaongea kuliko wote, kila mdomo wa Dwayne ukiwa umefungwa DJ anaona pengo anajaza. Kidaftari kikitokea hasomi kilichoandikwa, anasema lake.

Halafu ikafika ile sehemu. Olive ana karatasi ya vidoti vya rangi ameitoa hospitali, anampima kaka yake hivi hivi kwa mchezo, na Dwayne herufi iliyoko katikati haioni. Haioni kabisa. Mjomba anamwambia taratibu kwamba mtu asiyetofautisha rangi hawezi kurusha ndege. Kijana anaanza kupiga piga gari kwa ndani, wanasimamisha, anatoka mbio anashuka kwenye mteremko na huko chini ndio anapiga ukelele, neno lake la kwanza kwenye muvi nzima, na ni tusi. Mi kila nikiiona hapo mwili unasisimka.

Mama akaniambia, "Huyu kijana tangu wametoka kwao anapiga kelele, sasa hivi kimemkuta nini?"

Nilishindwa kujibu. Ningejibu nini? Kwa alivyoonyeshwa yeye ni kweli, mtu aliyekuwa anaongea ameendelea kuongea. Na kilichofuata ndio kiliniua kabisa. Mama mtu amejaribu kumrudisha kwenye gari kashindwa, anatumwa Olive, kitoto kile na mabuti yake kinateremka, kinachuchumaa pembeni ya kaka yake, kinamshika bega, kinamwegemezea kichwa. Hakisemi kitu. Hakisemi KITU jamani! Na kijana ananyanyuka. DJ akamwekea Olive mahubiri, usilie kaka yangu, Mungu akifunga mlango anafungua dirisha, twende tutachelewa mashindano. Nilizima tivi. Mama akasema mbona unazima, nikamwambia umeme mdogo.

Hii muvi kule ilikotengenezwa ilipokelewa kwa heshima. Ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Sundance Januari 2006 watu wakasimama wakapiga makofi, kampuni ya filamu ya Fox Searchlight wakainunua dola milioni 10.5 na yenyewe imetengenezwa kwa milioni 8 hivi, ikaja kuingiza kama milioni 100. Mwaka uliofuata ikachukua Oscar mbili, moja ya Alan Arkin aliyecheza babu, nyingine ya Michael Arndt aliyeandika, na ndio ilikuwa stori yake ya kwanza kufanywa muvi. Ya uandishi! Yaani mtu amepewa tuzo kwa alichokiandika, na katika alivyoviandika aliamua huyu mtoto asiseme, halafu mtu na maiki yake anaamua kumsahihisha.

Kesho yake nikarudi kibandani, kwa upole kabisa, nikamweleza yule kijana kwamba huyu mhusika hatakiwi kuongea, kama ana ya DJ mwingine anipe. Hata kichwa hakuinua. "Dada muvi ya buku hiyo. DJ akinyamaza wateja wanarudisha flashi wanasema sauti mbovu. Kama Kiingereza unakijua si ungeangalia cha Kiingereza, unatusumbua nini." Wateja wengine wapo pale wananiangalia. Akarudisha earphone masikioni. Mi nimemzidi umri yule, shikamoo sikupata, samahani sikupata, nikaondoka nimevimba.

Ila nikitulia lazima niseme na hili. Kuna sehemu babu anafia motelini, wanampeleka hospitali, na dada mmoja wa pale anawaambia maiti haivuki jimbo bila kibali, wajaze fomu. Baba mtu anaona mashindano yanawapita, basi wanamfunga babu kwenye shuka, wanamtoa dirishani, wanampakia nyuma ya kombi na safari inaendelea. Sisi babu yetu tulimsafirisha kutoka Dar kwenda Songea, mama ndiye alihangaika na kile kibali siku nzima, ofisi hii mara ile, mhuri hakuna, mwenye mhuri ametoka. DJ pale akatafsiri neno kwa neno, kibali cha kusafirisha maiti, kwa sauti ya yule dada wa kaunta asiyekuwa na haraka, na mama akapiga kofi paja lake akasema "ndio hivyo hivyo!" akacheka mpaka machozi, halafu yakawa machozi kweli. Hapo yule DJ alifanya kazi ambayo mi nisingeiweza. Na ile dansi ya Olive mwishoni, nilikuja kuimalizia baadaye, familia nzima inapanda jukwaani, huyo huyo DJ aliacha muziki upige hakusema neno. Kumbe kunyamaza anaweza!

Nilianza kuandika hii nimeshaamua nyota moja. Sasa hivi sijui. Ya kibanda ni sifuri, hiyo sibadilishi, tena kwa sababu ya majibu yale. Ya DJ nashindwa.

Baadaye nilipata ya Kiingereza kwa rafiki yangu, nikakaa na mama kwenye mkeka nikamtafsiria mwenyewe. Kazi ngumu aisee, ukimaliza sentensi moja wenzako wameshasema tatu, koo limekauka, vichekesho vya babu vingine nimeviruka kwa sababu siwezi kumtamkia mama yangu. Nilimheshimu yule DJ kidogo. Lakini Dwayne akitokea nilisoma kidaftari tu, kisha kimya. Mama mwanzoni akawa ananigeukia, "anasemaje?" Namwambia hajasema. Baadaye akaacha kuuliza. Tulipofika kwenye ule mteremko kijana alipopiga ukelele mama akanishika mkono kwa nguvu, "Mungu wangu, ameongea." Na Olive alivyomwegemea kaka yake hakuna aliyesema kitu pale sebuleni, si mimi wala yeye.

Kwa hiyo kama DJ uliyeifanya hii unasoma, ombi langu ni moja. Babu mchekeshe utakavyo, yule dada wa kibali usimguse yuko sawa, baba mtu mpe sauti yoyote. Dwayne muache. Soma kidaftari chake halafu nyamaza, na watu wakirudisha flashi waambie wasubiri.