Mieleka ya Memphis: anza na mitungi ya haradali

Kati ya vikundi vya mieleka vya kikanda vilivyotamba Marekani kabla WWF, kampuni ya mieleka ya kitaifa, haijameza soko lote, cha Memphis ndicho cha kutazama kwanza. Jerry Jarrett alianzisha Continental Wrestling Association mwaka 1977, na steringi wake alikuwa Jerry Lawler, "Mfalme" wa mji.

Kipindi kilirushwa moja kwa moja Jumamosi saa 5 asubuhi, dakika 90, kutoka studio ya kituo cha televisheni cha WMC, chaneli ya 5. Lengo lake lilikuwa kuuza tiketi za Jumatatu usiku katika ukumbi wa Mid-South Coliseum, kisha Jumanne Louisville na Jumatano Evansville. Ukumbi uleule kila wiki unahitaji ugomvi mpya kila wiki, ndiyo maana mikanda ilihama kiuno kwa kiuno. Hapo ndipo penye kasoro: Lawler alishika ubingwa wa Southern, yaani mkanda wa kanda ya kusini, zaidi ya mara 50, na ukitazama mfululizo utachoka kuhesabu.

Lakini meza ya watangazaji! Lance Russell alitangaza pamoja na Dave Brown, ambaye ndiye aliyekuwa mtabiri wa hali ya hewa wa kituo hichohicho. Anayekuambia kama mvua itanyesha akisema fulani kaumia shingo, unamwamini.

Anza na Tupelo, Mississippi, Juni 1979. Pambano limekwisha, lakini Lawler na Bill Dundee bado wanatwangana na Wayne Farris na Larry Latham hadi kibanda cha vitafunwa, mitungi ya haradali ikiruka. Farris huyo baadaye ndiye Honky Tonk Man, nyota wa WWF. Halafu tazama pambano la Aprili 1981 na Terry Funk: aliwalaumu mashabiki na waamuzi kwa kumpendelea Lawler, basi wakakutana kwenye ukumbi mtupu. Bila kelele za watu, unasikia kila kofi na kila tusi, na Funk akilia "jicho langu!" mwili unasisimka.

Pambano la Lawler na mchekeshaji Andy Kaufman, Aprili 5, 1982, usilitazame kabla ya kujua kanuni moja. Memphis ilipiga marufuku paildraiva, yaani kumgeuza mtu kichwa chini kisha kukaa naye kwa kishindo, kichwa kikitangulia. Lawler akaipiga, akaondolewa mchezoni, na mchekeshaji akashinda huku akipelekwa hospitali. Usipoijua marufuku hiyo, mwisho utakuchanganya. Promosheni nyingine ziliifanya kuwa pigo la kawaida, na watu wakaacha kuiogopa.

Picha za kanda hizo zina chengachenga na sauti hupanda na kushuka, kwa hiyo vaa vipokea sauti.

Na kwa chemshabongo: USWA, promosheni iliyorithi ulingo huo, ndiko mwanamieleka Undertaker alikompokonya Lawler mkanda mwaka 1989 akiitwa Master of Pain, na mwaka 1996 kijana Flex Kavana alipigana hapo. Leo anaitwa The Rock.