Uzoefu wangu: deraya ya farasi kwa jicho la fundi cherehani

Nashona eneo la Mlango Mmoja hapa Mwanza, mwaka wa kumi na moja sasa. Kazi yangu kubwa ni sare za shule, mashuka na foronya. Sikuwahi kufikiri kwamba makumbusho ya London yatanifundisha kushona, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Ninachokizungumzia ni mkusanyiko wa mtandaoni wa British Museum. Kuutazama ni bure, na simu yangu ya kawaida inaufungua. Unapotafuta, andika kwa Kiingereza: horse armour, kisha Sudan. Utaikuta deraya, yaani vazi la vita, ya farasi wa Sudan mwishoni mwa karne ya 19, enzi za dola ya Mahdi, kiongozi wa dini aliyeasisi utawala wake huko.

Mtu akisikia deraya anawaza chuma. Hii ni nguo. Ni vitambaa vya pamba vya rangi mbalimbali vilivyoungwa, vikashonwa kwa mistari na katikati vikashindiliwa sufi. Sufi hii hii ya msufi tunayojaza kwenye mito! Wahausa wa Nigeria nao waliwavisha farasi wa vita mavazi ya namna hiyo, wakayaita lifidi. Nilipoikuza picha mpaka mistari ya mshono ikajaa kwenye kioo cha simu, niliweka mkasi chini. Aliyeyafanya haya ni fundi nguo kama mimi, na uhai wa farasi na mpanda farasi ulikuwa kwenye sindano yake.

Nikataka kujua kwa nini mistari ile imekaribiana vile. Nikafumua mto wa sufi alioniachia bibi, nikashona vipande viwili vya kitambaa cha marekani. Cha kwanza nilikipa mistari ya upana wa vidole vitatu, cha pili upana wa shubiri nzima. Sufi inateleza na ni nyepesi kuliko pamba; ilipeperuka dukani ikanasa kwenye nyusi zangu na kwenye mafuta ya cherehani, mwanafunzi wangu akawa anapiga chafya mchana kutwa. Nikavining'iniza mlangoni. Baada ya wiki moja kile chenye mistari mipana kilikuwa kimeshuka chote chini, kimefanya tumbo, na juu kimebaki kitambaa kitupu. Chenye mistari myembamba kilikuwa vilevile kama nilivyokitoa kwenye mashine. Hebu waza farasi anakimbia, halafu sufi yote imeshukia magotini, kifua kiko wazi mbele ya mkuki.

Mwanafunzi wangu aliniuliza, "Mama, na risasi je?" Hapana. Tarehe 2 Septemba 1898, pale Omdurman, Sudan, jeshi la Khalifa Abdullahi, mrithi wa Mahdi, lilikutana na bunduki za Maxim, zinazofyatua risasi mfululizo, za jeshi la Waingereza na Wamisri chini ya Jenerali Kitchener. Sufi hupunguza nguvu ya mshale, mkuki na upanga, lakini kwa risasi haifui dafu.

Za chuma nazo nimezitazama, kwenye tovuti ya Metropolitan Museum ya New York. Wanayo moja ya mwaka 1548, kazi ya Kunz Lochner wa Nuremberg. Inavutia, sikatai. Ila deraya za chuma nyingi zimefika kwetu bila bitana zake, kwa sababu ngozi na kitambaa huoza na kuliwa na wadudu, chuma kinabaki. Kwa fundi nguo hapo pana nusu ya kazi tu. Uzuri wa Metropolitan ni kwamba tangu 2017 picha nyingi za vitu vyao vya kale wameziachia huru kabisa, hata kwa biashara. Za British Museum unaruhusiwa kuzitumia kwa kutaja chanzo na bila kuziuza, kwa hiyo usikimbilie kuzichapisha kwenye fulana.

Kitu kimoja ninachokitamani kwa makumbusho yote: mtupigie picha za upande wa ndani. Watazamaji wengi wanatosheka na nje, lakini fundi huanza kwa kuipindua nguo.

Wanangu niliwapeleka pia Bujora, kule Kisesa barabara ya Musoma, kwenye Makumbusho ya Wasukuma aliyoyaanzisha Padri David Clement. Farasi hutawakuta, nchi ya mbung'o haikuwa nchi ya farasi, maana mbung'o huwaambukiza ugonjwa unaowaua. Ila ngoma za watemi, yaani machifu wa Kisukuma, unasimama mbele yake ukazizunguka upande wa pili, jambo ambalo simu haikupi.

Kipande changu cha vidole vitatu kiko juu ya kiti cha bodaboda ya jirani tangu mwezi uliopita. Mvua imekinyeshea mara mbili, kikaanikwa, na hakijafanya tumbo. Wenzake watatu wa kijiweni wameshaleta vipimo.